Tunasubiri kuasili mtoto, je tusafiri au tukae nyumbani tusubiri simu?

Binti wa Isyesye:

Habari zenu wadau, poleni na baridi mlioko huku nyanda za juu, wa Dar endeleeni na feni zenu.

Mimi na mume wangu tupo Mbeya mjini, tumeomba kuasili mtoto, yaani kumchukua awe wetu kisheria. Maombi tulipitishia ustawi wa jamii halmashauri, afisa alishakuja nyumbani akaona tunavyoishi, akauliza kipato, akaongea mpaka na majirani, cheti cha ndoa na vipimo vya hospitali vyote tulipeleka, kwa hiyo kilichobaki ni kuambiwa kuna mtoto. Lini, hakuna anayejua. Afisa mwenyewe hana neno, nikimpigia anapokea, ila jibu ni lile lile "bado dada, mkiitwa ntawaambia".

Sitaki ushauri wa mchakato, huo tunao. Nachouliza ni maisha ya hapa katikati tunayaishije. Mume wangu yeye anasema tusipotembea saivi tutatembea lini, basi jumapili tukitoka ibada tunaingia kwenye gari. Tumeenda Daraja la Mungu pale Kiwira, tumepanda mlima Ngozi mpaka tukaliona ziwa kule chini, tumeenda Mbozi kuona kimondo (jamani lile ni dude, chuma kitupu, mume wangu alikigonga na ufunguo kama anabisha hodi), Kyela ndo usiseme tunarudi na mchele na ndizi za Tukuyu gari inanuka soko. Nafurahi kweli. Ila njia nzima naangalia simu kama ina mtandao, na tukifika nyumbani naangalia kama kuna namba iliyopiga.

Sasa kaja na kubwa zaidi, anataka tupande treni ya Tazara hapa Mbeya mpaka Kapiri Mposhi halafu tuunge basi Lusaka kwa kaka yake, tukae kidogo. Nauli tunayo. Mimi moyo unasita, tukiitwa tuko Zambia je? Si wataona hatuko siriasi wampe mwingine?

Na lingine, chumba. Kipo, kina gunia la viazi na mashine yangu ya cherehani. Nikiandae au nikiache? Umri tuliandika chini ya miaka mitatu, sasa unanunua nini kwa mtu ambaye anaweza akaja anatambaa au akaja anakimbia? Mama mkwe anajua anatuombea, wengine hatujawaambia, kila harusi naulizwa "vipi shem, lini tutakuja kula uji". Nachoka.

Walioshapita huku naomba mniambie mliishije.

Kamwene77:

Kamwene dada. Mimi niko Iringa, tumeasili binti, saivi yuko darasa la kwanza na hivi naandika anagoma kuvaa soksi.

Nendeni Lusaka. Nasema hivyo sababu baada ya mtoto kuingia ndani hiyo safari hamtaiona tena kwa muda mrefu, na sio kwa ajili ya hela. Mtoto akiletwa kwanza anakuwa kwenu kwa malezi ya kambo, ni miezi kabla hamjaenda mahakamani, na kipindi hicho bado hajawa wenu kisheria, afisa anakuja kuwaangalia, ukitaka hata kumpeleka kwa bibi yake mkoa mwingine unamwambia afisa kwanza. Kumvusha mpakani Tunduma ndo usahau kabisa mpaka karatasi zikamilike. Sisi kipindi kile tulikaa hapa hapa, matembezi yetu makubwa yakawa kwenda Isimila kuona yale manguzo ya udongo na kurudi mchana tukale nyumbani.

Cha kufanya kabla ya kuondoka mwandikieni afisa ujumbe, tunasafiri tarehe hii mpaka hii, namba ya Tanzania tunaiwasha jioni, na namba ya mtu wa hapa ambaye anaweza kwenda ofisini ni hii. Hawagawi watoto kama tiketi za basi kwamba ukichelewa dakika tano siti kapewa mwingine. Wakiwaita ni kuanza mazungumzo, mnaenda kumwona mtoto, mnarudi tena, anazoea sura zenu. Siku chache za treni haziharibu kitu.

Chumba toa viazi. Cherehani iache, utaihitaji. Nunua kitanda kimoja cha mbao chenye kingo za kutoa, godoro zuri na neti, basi. Nguo usinunue hata moja, utanunua siku hiyo hiyo sokoni ukishajua saizi. Blanketi nunua maana Mbeya mwezi wa sita na wa saba hamna mzaha.

Mzee wa Kawetire:

Mi nashangaa watu mnavyojitesa na makaratasi. Zamani bibi zetu walichukua watoto wa ndugu wakalea, nani alienda mahakamani? Hapo kijijini kwenu hakuna binti aliyezaa hana uwezo? Ongea na wazazi wake, mpe hela ya kuanzia biashara, mtoto unachukua, mnaishi. Mnasubiri serikali iwape mtoto kama mnasubiri ruzuku ya mbolea.

Dereva wa Kitonga:

@Mzee wa Kawetire shikamoo ila huo ushauri utamfunga mtu. Kulea mtoto wa ndugu sawa, hakuna anayekataa, hata mimi nimelelewa na mama mkubwa Makambako. Ila kumpa binti hela uondoke na mtoto wake huko ni kununua mtu, na kuna sheria ya 2008 ya usafirishaji haramu wa binadamu ambayo haitakuuliza kama nia yako ilikuwa nzuri.

Halafu tuseme hujakamatwa. Mtoto amefika miaka kumi, yule binti kapata mume mwenye hela anamtaka mwanae, una karatasi gani? Huna. Umekufa leo, ndugu zako wamekuja na malori kuchukua makochi, mtoto anasimama wapi? Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliyeasiliwa ni kama umemzaa kwenye ndoa, anarithi, na anaingia kwenye rejista ya walioasiliwa kwa msajili mkuu. Ndo maana mtoto asiye ndugu yako maombi yanaenda Mahakama Kuu, na ndo maana mwombaji anatakiwa awe na miaka isiyopungua 25 na amzidi mtoto miaka 21. Wazazi wakiwa wanajulikana mahakama inataka ridhaa yao. Sio kuwatesa watu, ni ili kesho mtu asije kumng'oa.

Binti wa Isyesye mimi nina mke na tulisubiri pia. Mwambie mumeo naelewa kwa nini anawasha gari kila jumapili. Sisi wanaume hili jambo hatuna pa kuliongelea, wewe una mama mkwe, una wenzio wa kwaya, yeye akienda kijiweni anaulizwa simba na yanga. Barabara inasaidia. Mimi kipindi kile nilikuwa naomba mzigo wa mbali makusudi, ila nilikuwa nachukua na mke wangu kwenye kabini, tukifika Mafinga tunakula, tunaongea vitu ambavyo nyumbani haviongeleki, mtoto akija atasoma wapi, akiuliza tutamwambia lini. Yetu tulikubaliana atajua tangu mdogo. Kwa hiyo humo kwenye treni msiangalie dirishani tu, ongeeni.

Mama Parachichi:

Hapo kwenye kumwambia mtoto nawaunga mkono ila kwenye kuwaambia ndugu mi niko tofauti na wengi. Wengi watakuambia tangaza mapema wazoee. Mimi niko Njombe, niliwaambia shangazi zangu mapema kabisa na ile miezi yote ya kusubiri ikawa ni kikao, mara damu ya mtu huijui, mara itakuwa ina mizimu ya kwao, mara mmoja akanipa jina la mganga. Nilikuwa nasubiri mtoto na huku nasikiliza kesi. Mtoto alipokuja wote wakanyamaza, na yule wa mizimu ndo anambeba mgongoni kanisani mpaka nanyimwa. Kwa hiyo wakikuuliza uji waambie uji utapikwa, pita zako.

Ila mwambie bosi wako kazini, huyo ajue, sababu siku ukiitwa utaomba ruhusa ghafla na utaiomba tena na tena.

Na maisha ya kila siku dada usiyaahirishe. Kama ulitaka kuanza kozi, anza. Kama ulitaka kupanda miparachichi panda, inachukua miaka kuzaa hata hivyo. Mimi nilijifunza kudarizi nikawa nauza vitambaa, mpaka leo hela ya maziwa inatoka humo.

Mwana Matema:

Mnamwambia habari za sheria tu hakuna anayemwambia aende Matema? Dada ukifika Kyela unarudi na mchele tu kweli? Pitia Ipinda ushuke mpaka Ziwa Nyasa, mlale, asubuhi mle mbasa wa kuchoma milima ya Livingstone imekaa hapo mbele, ununue na vyungu vya Wakisi. Mtoto akija umpeleke tena. Hifadhi ya Kitulo nendeni maua yakiwa yametoa, kuanzia desemba mpaka machi aprili, ila zile kona za kutoka Chimala zinaitwa hamsini na saba na sio utani, mvua ikinyesha kama gari yenu ni ndogo msijaribu.

Binti wa Isyesye:

Ndaga fijo jamani, asanteni sana, nimesoma zote mbili mbili na nyingine nimemsomea mume wangu kwa sauti. Ile ya kijiweni alicheka halafu akatoka nje kuangalia oili ya gari wakati aliiangalia jana.

@Mzee wa Kawetire shikamoo baba, nakuelewa umetoka wapi, hata mama yangu alisema hivyo hivyo. Ila nataka nikisimama shuleni kumwandikisha niwe na karatasi mkononi.

Tumeamua treni tunapanda. Afisa nimemtumia ujumbe kama ulivyosema Kamwene77, kajibu "safari njema mkiitwa ntampigia mama mkwe", na mama mkwe kapewa kazi anajiona katibu tarafa. Viazi vimehamia jikoni. Kitanda kwa mafundi wa Mwanjelwa wananitajia bei za kunifukuza, mwenye kumjua fundi wa mbao mwaminifu Uyole au Mbalizi anielekeze, sitaki mninga, mpaina mkavu unatosha.

Dereva wa Kitonga:

Mpaina njoo uchukue Mafinga ndo kwao, huko Mbeya mnapigwa bei ya usafiri. Nikishuka na mzigo wiki ijayo ntaulizia mbao zilizokauka vizuri nikuambie wanauzaje. Na kwenye treni bebeni chakula chenu, ratiba ya Tazara ukiiamini sana utalala na njaa.

Kamwene77:

Na kingo zisiwe na nafasi kubwa, kichwa cha mtoto kisipite. Mwambie fundi apime.