Tupeane uzoefu: kuzunguka vilima vya chaki Uingereza na kurudi kwa njia ya mtoni

Kipara wa Croydon

Wakuu, salaam. Mlioko Uingereza na mliowahi kupita huku, naomba leo tuongelee yale matembezi ya Jumapili: unashuka treni kwenye kituo kidogo, unapanda vilima, unazunguka, unaambaa na mto hadi kituo kilekile ulichoshukia. Naanza mimi.

Nilikaa huku miaka sita bila kujua Box Hill ni nini. Dada mmoja Mwingereza tunayefanya naye zamu za usiku akanialika. Nikamuuliza kilima kina urefu gani, akasema mita 224. Nikacheka sana. Mimi mtoto wa Lushoto, mita 224 kwetu ni njia ya kwenda dukani. Nikavaa raba zangu nyeupe, nikaenda.

Kutoka kituoni tukashuka hadi Mto Mole, unaouvuka kwa kukanyaga mawe 17 yaliyopangwa majini. Ya zamani yaliondolewa wakati wa vita ili adui asipate pa kuvukia, na haya yaliyopo yalizinduliwa mwaka 1946 na Waziri Mkuu Attlee mwenyewe. Nikawaza, waziri mkuu mzima kuja kuzindua mawe! Ng'ambo ya mto zinaanza ngazi za udongo na mbao ndani ya msitu. Nilianza kuzihesabu. Nilipofika mia na kitu nikaacha kuhesabu, nikaanza kuomba.

Juu pale ni pazuri, sibishi. Upande wa kusini unaona mashamba yaliyogawanywa kwa ua wa miti hadi macho yachoke, na ndege za Gatwick zikishuka kwa mbali. Eneo hilo tajiri mmoja aliyeitwa Salomons alilinunua akalikabidhi kwa umma mwaka 1914, ndiyo maana halijajaa majumba. Kuna pia jiwe la ukumbusho la mzee mmoja, Meja Labilliere, aliyezikwa hapo mwaka 1800 kichwa chini miguu juu, kwa wasia wake. Inasemwa aliamini dunia imepinduka, kwa hiyo siku ya mwisho itakapogeuzwa yeye atajikuta amesimama sawasawa. Wazee wetu wana wasia wa ajabu, ila huyu kawapita.

Balaa lilikuwa kuteremka kuelekea kijiji cha Mickleham. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha. Vilima hivi ni vya chaki, mwamba mweupe laini, na chaki ikilowa inakuwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Mguu wa kwanza ukaenda, wa pili ukaufuata, nikashuka sehemu ile kwa makalio mbele ya watoto wa skauti. Kwenye treni ya kurudi nilikaa nimepakwa weupe kama ukuta wa zahanati. Jumla tulitembea kama kilomita 12 kwa saa tano, kwa sababu yangu.

Haya, wengine.

Mama Neema, Reading

Pole kaka Kipara, nimecheka hadi mume wangu kaamka. 😂

Sisi kwetu ni Goring. Treni kutoka Reading ni dakika chache tu. Pale Mto Thames umepita katikati ya vilima, huku Chiltern, kule Berkshire, na daraja linakuvusha kutoka Goring kwenda Streatley. Unapanda Lardon Chase, mlima mfupi ila mkali, unaona mto unajikunja chini yako. Kisha unatembea juujuu, unateremka tena hadi njia ya kando ya Thames. Njia mbili ndefu zinakutana hapo: hiyo ya Thames, na ile ya kale ya Ridgeway inayokwenda hadi karibu na Avebury. Ukiona alama ya tunda la mwaloni kwenye kibao, uko kwenye mojawapo.

Ninachotaka kusimulia ni mwewe. Mara ya kwanza nilipofika nikamsikia juu, ule mlio wake mwembamba wa filimbi. Nikainua macho, yuko mmoja, yuko wa pili, watano! Mkia umepasuka katikati, mwekundu. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshageuka kutafuta vifaranga. Wallahi. Nimekulia Kondoa, kazi yangu ya utotoni ilikuwa kukaa kivulini na fimbo na kopo, mwewe akitokea napiga kopo na kupiga kelele. Mama angenichapa kifaranga kikipungua. Na hawa Waingereza wamesimama na darubini wanatabasamu. Mama mmoja akanieleza kwamba mwewe hao walikuwa wamekwisha kabisa England, wakaletwa upya kutoka Hispania kuanzia mwaka 1989. Yaani wamemfuata mwewe Hispania, wamemleta, wamemwachia! Nilimpigia mama simu jioni, akasema nisirudie kumdanganya.

Njoroge_wa_Nyeri

Hapo kwa Mama Neema nimepita pia. Yangu ni fupi lakini ilinifunza.

Nilikuwa peke yangu, ramani ya simu. Nikafika mahali ambapo njia inaingia katikati ya shamba la ngano. Si pembeni, katikati! Kibao kina mshale wa njano, unaelekeza huko. Nikasimama. Kwetu ukikanyaga shamba la mtu hivyo, utaeleza mbele ya chifu. Nikaamua kuzunguka kando ya ua, nikaishia kwenye miiba na mtaro, simu nayo ikaisha chaji.

Akatokea mzee na mbwa wake. Akaniangalia, akaniuliza kama nimepotea. Sasa, hilo swali Mwafrika akiulizwa na mzungu shambani, unajua linavyoingia. Nikaanza kujibu kwa hasira. Katikati ya sentensi nikakumbuka kwamba ni kweli, nimepotea.

Alinirudisha hadi kwenye kile kibao akanifafanulia. Mshale wa njano ni haki ya mtu wa miguu, wa bluu hata farasi na baiskeli wanapita. Shamba ni la mtu, lakini njia ni ya kila mtu, na mkulima anapaswa kuiacha wazi hata akipanda. Nikapita katikati ya ngano ya mwenyewe nikiwa nimebana mikono kama mtu anayepita sebuleni mwa watu.

Bi Asha wa Unguja

Assalaam alaykum jamaa. Mimi niko Brighton, kwa hiyo mnajua ninapokwenda: Seven Sisters. Basi linanishusha Exceat, nafuata njia ya Mto Cuckmere unavyojikunjakunja hadi baharini, napanda vile vilima juu ya majabali meupe, narudi kwa msitu wa Friston.

Mtu wa Unguja hawezi kuiona chaki ile asikumbuke chokaa. Babu yangu alikuwa fundi, akichoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ya kujengea. Na hii chaki nayo ni bahari tu, mabaki ya vijidudu vidogo visivyoonekana kwa jicho, vimelala chini ya bahari ya kale hadi vikawa mwamba. Ndani ya weupe kuna mistari ya mawe meusi. Niliokota kipande kilichopasuka, kinang'aa kama kioo na kinakata. Gumegume! Lile lile la bunduki za zamani. Kuta za nyumba na makanisa ya vijiji vya huko wamejengea hilo.

Adhuhuri ilinikuta kilimani, nikatandika mtandio kwenye majani nikasali. Kondoo wakaja kunitazama, hawakunisumbua.

Ila nawaomba: msisogee ukingoni kupiga picha. Chaki hukatika ghafla bila kutoa sauti, na ile sehemu unayosimama pengine chini yake ni tupu. Nimeona vijana wamekaa wananing'iniza miguu, roho ikanipaa. Na chini ufukweni pia msikae karibu na jabali.

Mgogo Halisi

Kipara, mto wako huo wa mawe 17 nimeufuata wakati wa kiangazi kikali. Kule kuelekea Mickleham nilikuta madimbwi, mbele kidogo kokoto tupu. Chaki ina matundu chini ya mto, maji yanamezwa, yanakwenda kutokea mbele. Nilijiona niko korongoni Dodoma.

Na mitamba isiwatishe. Huwa inakufuata kwa udadisi tu. Ila ng'ombe mwenye ndama na wewe una mbwa, mpishe mbali.

Mtu wa Mbagala

Wakuu samahani, mimi niko Dar. Naomba kueleweshwa. Mnapanda treni, mnapanda kilima, hakuna mnachofuata kule juu, mnashuka, mnarudi mlipotoka. Mnalipwa shilingi ngapi?

Kipara wa Croydon

Hatulipwi mkuu, na nauli tunatoa wenyewe. Ya kwangu niliyotoa siku ile sijaisahau hadi leo.

Aliyeniuliza inbox kuhusu viatu: buti za shingo ndefu zenye meno, za mtumba zinafaa kabisa. Nyeupe usithubutu. Chukua chai ya chupa na chapati mbili, maana vijijini Jumapili unaweza kukuta pamefungwa. Na ukikuta maji yamefunika yale mawe ya Mto Mole usijitie ushujaa, kuna daraja la miguu si mbali na hapo. Mimi lile daraja nalifahamu vizuri, ndilo ninalopita siku hizi hata maji yakiwa madogo.