Naomba ushauri: mtu anaweza kuandikishwa jumuiya mpya bila barua ya kule alikotoka?

Mgeni wa Mtaa (Ijumaa, saa 1:12 usiku)

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mume wa mtu na baba wa watoto wawili. Tumehamia mtaa mpya huku pembezoni mwa Dar tangu mwezi wa pili. Kanisani nilikuwa mtu wa Jumapili tu: naingia, nasikiliza, natoka kabla ya matangazo. Mke wangu akawa ananiambia tunaishi kama wapangaji hata kwa Mungu. Basi miezi mitatu iliyopita nikaanza kwenda jumuiya, Jumamosi saa 12 asubuhi, nyumba kwa nyumba.

Kusema kweli nimeipenda. Tunasoma Injili ya Jumapili inayofuata kwa zile hatua saba. Mtu anarudia neno lililomgusa, halafu tunakaa kimya. Hicho kimya mwanzoni kilinitesa, jogoo wanawika nje na mimi sijui niangalie wapi, naishia kuhesabu kandambili za watu mlangoni. Siku hizi ndicho ninachokifuata.

Tatizo ni katibu. Anataka barua ya utambulisho kutoka jumuiya niliyotoka. Mwanzo alikuwa anaulizia huku anacheka, sasa hacheki. Je, ni lazima? Kuna njia nyingine? Wenye uzoefu tafadhali, matusi sihitaji.

Mrina Asali

Nenda kachukue barua. Uzi ufungwe.

Bibi Kigoda

Mwanangu, usiione kama karatasi. Mdogo wangu wa kiume alikaa mjini miaka kumi na moja, jumuiya hajui hata inakutana wapi. Alipofariki tukaenda kwa mwenyekiti, mwenyekiti akatuangalia, akasema, "Huyu hatumfahamu." Hakusema kwa ubaya, ni kweli walikuwa hawamfahamu. Tulizunguka siku mbili. Mwisho akatuhurumia katekista mmoja, akaja makaburini na kitabu chake kwapani, akasali dakika kumi, hakuna kwaya wala nini, tukafukia. Mama yetu hadi leo hajalisahau. Wiki iliyofuata nilijiandikisha, na magoti yangu haya haya mabovu.

Fundi Saa

Mimi jumuiya nilikimbia kwa sababu ya chai. Ilianza maji ya moto na mkate. Akaja mama mmoja akaweka chapati. Wa pili akaona hawezi kuzidiwa, akaweka supu. Ilipokaribia zamu yangu nikapata safari ya ghafla kwenda Morogoro. Morogoro kwenyewe sina mtu.

Kengele ya Alfajiri

Njoo kwetu kaka, seli zetu, yaani vikundi vyetu vya sala vya nyumbani, hazidai barua. Mitume waliitwa ziwani na nyavu mkononi, nani aliwauliza wametokea jumuiya gani?

Mkulima wa Nyanya

@Kengele, usimpoteze mwenzio. Maaskofu Katoliki wa AMECEA, wakati huo yaani Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia, walipoanza kuzungumzia jumuiya ndogo ndogo mwaka 1973 na kuzisisitiza tena 1976, shida ilikuwa parokia kuwa kubwa mno kiasi kwamba mtu anaumwa mwezi mzima na hakuna anayejua. Dawa ikawa majirani wachache wanaojuana kwa majina. Barua ipo kwa sababu hiyo hiyo. Haimchunguzi mtu, inasema tu, "Huyu ni wetu, mpokeeni."

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa jumuiya enzi hizo. Jumuiya zikakutana chini ya mwembe wetu miaka na miaka, na kila mkutano sisi watoto tulikatazwa kugusa maembe mpaka sala ya mwisho iishe. Nimekua najua Salamu Malkia kwa harufu ya dodo.

Nyota ya Thika

Huku Kenya ni hivyo hivyo. Mwenyekiti wa jumuia asiposaini fomu, mtoto wako habatizwi, na harusi usahau. Shemeji yangu alianza kuhudhuria wiki sita kabla ya harusi, wazee wakamwambia, "Sisi si kituo cha basi." Alingoja mwaka.

MamaWawili

Jamani, mnajibu kila kitu isipokuwa kimoja. Mleta mada, hujasema kwa nini wewe huwezi kwenda kuichukua hiyo barua. Umetoka wapi?

Mgeni wa Mtaa

Hapa hapa Dar, upande mwingine wa jiji. Uongozi wa kule hatukuelewana.

MamaWawili

Hamkuelewana juu ya nini?

Fundi Saa

Mke wa mtu?

Mgeni wa Mtaa

Hapana jamani! Mambo ya uongozi tu.

Mrina Asali

Na wewe kwenye huo uongozi ulikuwa nani?

Mgeni wa Mtaa (saa 3:05 usiku)

Mtunza hazina.

Fundi Saa

Alaa. Ngoja nisogeze kiti.

Mgeni wa Mtaa

Naona mmeshanihukumu. Basi nisikilizeni.

Mfuko wa jumuiya ulikuwa kwenye laini yangu ya simu, hawakutaka kufungua akaunti. Pesa zao na zangu zikawa zinalala kitanda kimoja. Mwezi wa kumi na mbili mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikachukua 340,000. SIKUIBA, nilikopa, nia ilikuwa nirudishe mwezi wa kwanza nikilipwa malimbikizo yangu. Malimbikizo hayakuja. Katikati hapo mama wa mwanajumuiya mmoja akafariki, mwenyekiti akataka rambirambi itolewe siku hiyo hiyo. Nikasema mtandao unasumbua. Jioni mzee wa kanisa akanipigia mara nne, sikupokea. Nikazima simu. Wiki ya tatu tukahama kwa kirikuu, saa 4 usiku.

Daftari lao ninalo. Kaunta buku yenye jalada jekundu, ipo juu ya kabati, kila asubuhi nikichukua shati naliona. Hesabu zote zipo mule, kwa mwandiko wangu, hadi siku ya mwisho.

Huku nimewaambia nimetokea Songea na barua ilipotea njiani. Ni uongo mdogo ambao haujamuumiza mtu. Mpango wangu ni kuwarudishia kule 20,000 kila mwezi kwa namba wasiyoijua. Kwa hiyo deni linashughulikiwa, msinirudishe huko. Swali lilikuwa barua.

Pwani Tulivu

Mimi Muislamu, nimepita tu, lakini mzee hata sisi deni la maiti halichezewi. Hao watu walizika bila ile pesa, umeliwaza hilo?

Mkulima wa Nyanya

Luka 19. Zakayo alisema aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. 340,000 mara nne ni 1,360,000. Kwa 20,000 kwa mwezi ni miezi 68.

Kengele ya Alfajiri

Na Yohana 12 usiisahau. Kati ya wale kumi na wawili, aliyeshika mfuko ni nani?

Bibi Kigoda

Acheni kumtupia mistari, mtu anazama nyie mnamwonyesha ramani ya ziwa. Mwanangu, mkeo anajua?

Mgeni wa Mtaa

Anajua tulihama kwa ajili ya kodi. Ambayo ni kweli.

MamaWawili

Kuna kitu bado. Una miezi mitatu hapo jumuiyani, katibu kakudai barua muda wote huo. Kwa nini uzi unauleta leo, Ijumaa usiku?

Mgeni wa Mtaa (saa 4:20 usiku)

Kesho zamu ni kwangu.

Na Jumamosi iliyopita kulikuwa na uchaguzi. Mtunza hazina wao anahamia Dodoma. Mama mmoja akasimama akasema, "Huyu mgeni hajawahi kuchelewa, na mwandiko wake unasomeka." Wakapiga makofi. Kesho nakabidhiwa daftari na pesa zilizopo. Majina ya viongozi yanapelekwa parokiani Jumapili, ndiyo maana katibu hacheki tena.

Kabla hamjanirukia: nikikataa wataniuliza kwa nini. Na mimi naona labda Mungu ndiye anayenipa nafasi ya kurekebisha. Mtu aliyewahi kuungua ndiye anayejua moto. Mkate na maziwa nimeshanunua, viti nimeshaazima kwa jirani, siwezi kuwaambia watu kumi na tano wasije.

Fundi Saa

Nimecheka hadi mke wangu kaamka. Fisi kaenda kutubu buchani, wakampa funguo.

Nyota ya Thika

Usiishike hiyo pesa hata sekunde moja. Waambie macho yako ni mabovu, waambie chochote.

Mrina Asali

Kwa hiyo tiba ya uongo ni uongo wa macho?

Pilipili Kichaa

Poleni wote mliopoteza usiku. Hii ni chai, tena ya rangi. Nimesoma uzi mzima kwa utulivu. Mwanzo una hatua saba, baadaye parokia. Haya, ni Katoliki. Lakini kwenye maungamo yake eti "mzee wa kanisa akanipigia mara nne". Mzee wa kanisa ni wa kwetu Walutheri, KKKT! Nyie jumuiya zenu zina mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, juu kuna kanda, kigango, paroko. Huyo mzee wa kanisa alitokea mlango gani? Na jumuiya gani inamchagua kiongozi ambaye haijui alikotoka?

Kengele ya Alfajiri

Ehee. Nami nilihisi. Hadithi ina mkunjo wa pasi, maisha hayanyooki hivyo.

Mkulima wa Nyanya

Kuchaguliwa kunawezekana. Kwenye jumuiya nyingi kazi ya hazina ni kama kumtafuta wa kumfunga paka kengele. Mgeni akionekana tu, kapewa. Lakini hilo la mzee wa kanisa hata mimi limenikwama.

Bibi Kigoda

Iwe kweli iwe uongo, mimi nimemkumbuka mdogo wangu. Nitakuja asubuhi.

Pilipili Kichaa

Mleta mada, jibu. Wewe Mlutheri au Mkatoliki au mtunzi?

Mgeni wa Mtaa (saa 5:31 usiku)

Nimebadilisha baadhi ya vitu ili nisijulikane. Mtu mwenye akili asingefanya hivyo? Kule nilikotoka na huku nilipo si kanisa moja. Mke wangu ndiye Mkatoliki. Ndiyo maana nilidhani ile barua ingeachwa tu.

Pilipili Kichaa

Aaah. Kwa hiyo hukuhama mtaa tu, umewahama hadi dhehebu. Na Songea nayo ya kubadilisha?

MamaWawili

Na ile 340,000? Hiyo nayo uliibadilisha?

Mgeni wa Mtaa

Niliipunguza.

Fundi Saa

Mkulima, hesabu ya Zakayo irudiwe.

Msafiri77 (mwanachama mpya)

Samahani, sijawahi kuandika humu. Huo msiba wa mama wa mwanajumuiya, ulikuwa ni wiki ya pili ya mwezi wa kwanza? Marehemu alisafirishwa?

Fundi Saa

Umejiunga saa 5:40 usiku huu huu? Hiyo ni akaunti ya pili ya mleta mada, anajikolezea chai mwenyewe.

Pilipili Kichaa

Nakubaliana nawe kwa mara ya kwanza.

Msafiri77

Mimi si yeye. Naomba anijibu tu. Tulichanga upya usiku ule ule, watu walitoa hadi elfu mbili mbili. Hatukumkasirikia, tulidhani amepata ajali. Kuna wawili walikwenda kuulizia hospitalini.

MamaWawili

Mgeni?

Nyota ya Thika

Mgeni, uko?

Mrina Asali (Jumamosi, saa 11:50 alfajiri)

Muda wa jumuiya huo unakaribia. Nimeamka kwa ajili ya uzi wa mtu nisiyemjua, huu ni uchawi.

Bibi Kigoda

Nami nimeamka. Nimesali rozari fungu moja kwa ajili yake, na moja kwa ajili ya huyo Msafiri, awe nani awe nani.

Kengele ya Alfajiri

Atakuwa amepanda kirikuu tena.

Mgeni wa Mtaa (saa 2:17 asubuhi)

Wameondoka sasa hivi. Walikuja kumi na tisa, viti havikutosha, vijana wakakaa kwenye ngazi. Kwenye kile kimya mtoto wangu mdogo alipiga chafya, wote wakacheka. Daftari liko mezani hapa mbele yangu, mke wangu analiangalia.

@Msafiri77, nimeona ujumbe wako. Naomba namba yako.

Fundi Saa

Daftari lipi lililo mezani, lao jipya au lile jekundu?