Mchezo wa "Barabara hii ni wapi?" umeharibiwa na wezi wa majibu

Wakuu, nimevumilia tangu mwaka jana, leo acha niseme. Atakayenuna anune.

Kwa wasiojua: kundi letu la waendesha baiskeli lina mchezo wa kila usiku. Mtu anaweka picha ya barabara inayopandwa na waendesha baiskeli, nyingi za Ulaya kwenye mashindano, wengine tunataja ni wapi. Sharti ni moja: ukitaja, useme umejuaje. Mchezo wenyewe ndio huo. Bila hilo sharti mnabaki kurusha majina kama makondakta wa daladala.

Juzi ikawekwa picha nzuri kweli. Waendesha baiskeli kadhaa wanapanda, barabara nyembamba inapenya katikati ya miamba miwili ya kijivu, mirefu, imekaribiana kama inataka kukubana. Jamaa wanapita kushoto. Basi watu wakarukia: Cyprus! Malta! Ireland! Kwa kuwa huko wanaendesha kushoto kama sisi. Mimi nikaikuza ile picha mpaka ikawa vibokisi vibokisi, nikamwangalia yule wa nyuma kabisa. Mnyororo wake uko kushoto.

Haya, nyie mliokulia kwenye baiskeli, hata ile Phoenix ya babu ya kubebea magunia ya mkaa, mnyororo unakaa upande gani? Kulia. Picha imepinduliwa kama kwenye kioo! Nikaandika palepale kwamba hawa kiuhalisia wanaendesha kulia, tuachane na Ireland. Halafu nikaanza kupiga hesabu hadharani kama sharti linavyotaka. Jua kali, hakuna dalili ya nchi ya theluji, kwa hiyo milima ya Alps siioni hapa. Kisiwa cha Corsica kuna Piana, barabara inapita kwenye majabali vilevile, lakini majabali ya kule ni mekundu, haya ni kijivu. Nikawa nimebakiza hatua moja, naandika kisiwa kinachofuata.

Kabla sijamaliza sentensi, jamaa mmoja akatua: "Sa Calobra, Mallorca, Hispania." Na namba za ramani zenye tarakimu sita baada ya nukta! Dakika mbili tangu niseme picha imepinduliwa. Maana yake alisoma nilichoandika, akaigeuza picha, akaitupia kwenye programu ya kutafuta picha, akanakili. Mwamuzi akampa pointi zote tatu. Mimi nikapewa kidole gumba. KIDOLE GUMBA.

Nikamuuliza, mkuu, umejuaje? "Macho tu, uzoefu." Sawa. Nikamtega: ukishamaliza kuishuka hiyo barabara unatokea wapi? Akajibu kwamba unaunga moja kwa moja hadi Palma, mji mkuu wa kisiwa. Jamani! Ile barabara inaishia baharini. Ukishuka umeshuka, na kama hupandi boti, njia ya kutoka ni hiyohiyo uliyoshukia, karibu kilomita 10 za kupanda, ukiwemo ule mkunjo maarufu wanaouita fundo la tai, ambapo barabara inajizungusha na kupita chini yake yenyewe. Huyo ndiye mwenye uzoefu.

Sijawahi kufika Ulaya, sina hata pasipoti. Nimezijua barabara hizi kwa kukaa mbele ya runinga kila Julai, msimu wa Tour de France, miaka na miaka, mke wangu akiniuliza naangalia nini wakati hakuna mpira. Ndiyo maana inauma. Ventoux, ule mlima wa Ufaransa, naijua kwa yale mawe meupe ya juu, hakuna mti, na ule mnara kileleni. Nikiona mstari wa katikati wa njano nawaza Norway, na kukiwa na kona zinazokunjana pembeni ya maporomoko ya maji nasema Trollstigen bila kupepesa. Nikiona jiwe jeupe la kilomita lenye kichwa cha njano, najua nipo Ufaransa kabla sijatazama mlima. Hivi vitu vinafundishika. Nimewafundisha watu humo kwenye kundi, bure.

Halafu kuna wale wa upande wa pili, ambao hawaibi ila hawafikiri. Kila kona yenye namba kwao ni Alpe d'Huez, ule mpando maarufu wa Ufaransa. Wiki iliyopita picha ilikuwa na kibao kabisa, kona namba 33. Watu saba wakasema Alpe d'Huez. Alpe d'Huez ina kona 21, zinahesabiwa kurudi nyuma kuanzia chini, ya 21 ndiyo unaanza nayo. Hiyo ya 33 mmeitoa wapi? Stelvio, kule Italia, kwa upande wa kijiji cha Prato zipo 48, nazo zinahesabiwa hivyohivyo, na kibao kimeandikwa Kijerumani na Kiitaliano. Kilikuwa kinasomeka! Hawa lakini nawasamehe, angalau wanakosea kwa akili zao wenyewe.

Kilichonitoa kwenye reli hasa ni jana. Kijana mmoja, mpya, akaweka picha ya barabara ya Mombo kwenda Lushoto. Kona juu ya kona, bonde upande mmoja, ukuta wa mlima upande mwingine, unapita Soni penye maporomoko. Mimi nimeipanda ile kwa baiskeli ya gia sita, nikafika juu naongea peke yangu. Mwamuzi akaifuta. Eti "picha ziwe za barabara za baiskeli zinazojulikana". Zinazojulikana na nani? Septemba 2025 mashindano ya dunia yamefanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Pogačar, yule bingwa wa baiskeli, amekuja kuhangaika kwenye mawe ya mpando wa Kwa Mutwe, hapo jirani tu, nyie mnatwambia barabara ya baiskeli lazima iwe na kanisa la Kifaransa pembeni!

Na nitawaambia kwa nini mnazikataa. Ukiitupia programu picha ya Mombo, inakupa Madagascar. Inakupa Colombia. Hapo sasa lazima uangalie mwenyewe: udongo mwekundu, mikaratusi, gari linapita upande gani wa barabara. Likipita kulia, toa Tanzania, Kenya na Uganda, anza na Rwanda na Burundi. Kazi hiyo hamuiwezi.

Mwamuzi, najua unasoma huku, usijifanye hupo. Nataka vitu viwili. Jibu lisilo na maelezo lisipewe hata nusu pointi, hata liwe sahihi kama kipimo cha fundi saa. Na picha ya yule kijana irudishwe, na yeye aombwe radhi, kwa sababu ameshatoka kwenye kundi.

Leo saa tatu usiku zamu ya kuweka picha ni yangu. Nimeipiga mwenyewe Jumapili, haipo mtandaoni popote. Ndani kuna kibao kimoja, mbuzi wawili na kivuli cha nguzo ya umeme. Bwana Uzoefu, uwahi.