Mjadala: Je, kuzimu na jehanamu ni mahali pamoja?

Mwalimu, Tukuyu: Katika mazishi ya mzee mmoja wa kijijini kwetu, mhubiri alisema kwamba mababu zetu waliokufa kabla ya wamisionari kufika Rungwe mwaka 1891 wanaungua kuzimu. Naomba tulitazame neno lenyewe. Katika Biblia yetu, kuzimu ni tafsiri ya Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kiyunani, yaani makao ya wafu, ilhali jehanamu ni Gehena, yaani bonde la Hinomu kusini mwa Yerusalemu, ambako watoto waliteketezwa kwa moto hadi Mfalme Yosia alipopanajisi mahali pale (2 Wafalme 23:10). Je, ni haki kuyachanganya?

Mwinjilisti, Makambako: Mwalimu, unashika herufi na kuacha ujumbe. Tajiri wa Luka 16 aliinua macho yake kuzimu akiwa katika mateso ya moto. Tena bonde hilo lilikuwa jalala la mji lililowaka usiku na mchana, jambo linalojulikana na kila mtu. Wazee wetu waliabudu mizimu, na Neno haliwapi udhuru.

Mjukuu, Kiwira: Ndugu Mwinjilisti, hapo kwenye mizimu umenichoma. Bibi yangu alipomwaga pombe kidogo kwenye kaburi la baba yake, alikuwa anamsalimu mzazi wake. Kwa Kinyakyusa marehemu hao ni abasyuka, na makao yao, ubusyuka, yako chini ya ardhi. Bibi hakunitajia moto wowote huko. Wamisionari walilipokea jina la Kyala kutoka vinywani mwa wazee hao hao, wakamwita Mungu kwa jina hilo. Iweje kinywa kilichowapa jina la Mungu kihesabiwe kuwa cha wapagani tu?

Ustadhi, Iringa mjini: Jehanamu imetufikia kwa Kiarabu, Jahannam, na asili yake ni bonde lile lile la Hinomu. Kuzimu ni neno letu la Kibantu, lenye shina lililomo katika mzimu na zimwi. Sisi Waislamu hatumpeleki maiti Jahannam siku ya kuzikwa, kwa kuwa ipo kwanza barzakhi, yaani hali ya kungoja kati ya kifo na ufufuo. Hata Wajerumani na Waingereza walichukua neno lao la kale (Hölle, hell), lililohusu mahali palipofichika, wakalipa moto wa Gehena.

Mwalimu, Tukuyu: Kuhusu jalala, Biblia haisemi hivyo. Habari hiyo inapatikana kwa Rabi David Kimhi, aliyeandika karibu na mwaka 1200, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu.

Mwinjilisti, Makambako: Jalala naliacha. Ila Dada wa Kiwira, sikumtukana bibi yako. Nimekulia huku, nimewaona watu wakiwaomba marehemu mvua, na kumwomba marehemu mvua ni ibada kamili.

Mjukuu, Kiwira: Bibi hakuomba mvua. Someni Mwanzo 37:35: Yakobo, akidhani Yusufu amekufa, anasema atamshukia mwanawe hata kuzimu akiomboleza. Mzee yule hakuwa anamtazamia mtoto wake motoni. Na ni Yakobo huyo huyo aliyemimina kinywaji juu ya nguzo ya jiwe kule Betheli, Mwanzo 35:14.

Mwinjilisti, Makambako: Alimmiminia Mungu, Dada, si marehemu.

Mjukuu, Kiwira: Na Raheli alipofariki njiani, aya sita mbele, alisimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Hiyo nayo alimsimamishia nani?