Naomba ushauri: jina Subira litamwelemea mtoto?

Habari zenu ndugu zangu. Mke wangu ana ujauzito wa miezi minane, na hatujui kama ni wa kike au wa kiume. Majina tunayaandika nyuma ya daftari lake la kliniki. Ukurasa umeshajaa yaliyokatwakatwa kwa kalamu.

Wa kike natamani aitwe Subira, maana tumemsubiri miaka 6. Mama mkwe hataki kabisa. Anasema jina huumba, mtoto atakuja kusubiri kila kitu maishani. Yeye anataka Zuhura, ile nyota ing'aayo alfajiri. Zuri pia, nakiri. Mke wangu anapendelea Faraja, ambalo kama Imani na Amani linafaa kwa wote.

Wa kiume ni Baraka au Rashidi, yaani aliyeongoka. Hapo hatuna ugomvi.

Naomba mnaoitwa Shida, Tabu au Mashaka mniambie ukweli: jina liliwaelemea ukubwani, au ni maneno ya watu tu? Na mwenye binti aitwaye Subira, nyumbani mnamwitaje kwa kifupi? Usiku nikilitamka huku nimeweka mkono tumboni kwa mama yake, mtoto hucheza.