Kazi tatu za kusimamia nyumba za kupanga Arusha, nichukue ipi?

Sakina_Juu:
Habari za jioni wakuu. Nina diploma ya mambo ya ardhi na uthamini na nimepata nafasi tatu kwa mkupuo.

Ya kwanza ni apatimenti za Njiro, nyumba 24 kwenye uzio mmoja. Mmiliki anakaa Dar. Mshahara Sh 700,000 kabla ya makato, pamoja na chumba na sebule humo humo ndani. Ya pili ni ofisi ya mjini inayosimamia nyumba za watu walio nje ya nchi, zimetawanyika Sakina, Moshono, Usa River mpaka Moshi. Sh 550,000, na usafiri wamesema "tutaangalia". Ya tatu ni mzee mmoja wa Kijenge mwenye nyumba 12. Hatoi mshahara, anataka nichukue asilimia 10 ya kodi.

Wenye uzoefu, niulize nini kabla sijasaini? Na ipi ina mwelekeo mzuri?

FunguoZaMageti:
Mkuu, weka mshahara pembeni kwanza. Kwenye kazi hii swali la kwanza ni una ruhusa ya kutumia shilingi ngapi bila kumpigia mtu simu. Nyumba 24, kila moja ikitumia lita 400 kwa siku, ni lita 9,600. Kwa hiyo hata wakiwa na tenki la lita 10,000, pampu ikiungua Jumamosi jioni, Jumapili jioni bomba zimekauka. Kama kila matengenezo yanasubiri mmiliki wa Dar apokee simu, utatukanwa wewe, na hatia si yako. Omba iandikwe kwenye mkataba: kiasi fulani (tuseme Sh 200,000) unatumia papo hapo kwa risiti, zaidi ya hapo unaomba, na asipojibu ndani ya saa kadhaa kwa jambo la maji, umeme au maji taka unaendelea. Na fedha hiyo uwe nayo mkononi. Ruhusa bila fedha itakufanya ukope dukani kwa jina lako.

Pili, kodi ya pango inaingia wapi? Iende benki kwenye akaunti ya mmiliki, au lipa namba yenye jina la biashara yake. Ukiambiwa ipitie kwenye simu yako binafsi, kataa hata kama wanakuamini sana. Ikipita kwako, siku hesabu zikipishana hata kwa Sh 50,000 wewe ndiye mwizi, na huna karatasi ya kukutetea.

Kabla ya kujibu, nenda pale Jumamosi saa 12 jioni, wapangaji wengi wakiwa nyumbani. Fungua bomba la ghorofa ya juu kabisa uone msukumo. Uliza shimo la maji taka lilinyonywa lini mara ya mwisho na nani alilipa gari. Uliza kila nyumba ina LUKU yake (mita ya umeme wa kulipia kabla) au wanagawana. Wakigawana kwa mita ndogo, ujue kila mwezi utakuwa hakimu: nani kazidisha pasi, nani ana jiko la umeme. Kodi ya jengo nayo inakatwa humo humo kwenye LUKU, Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na ghorofa ina kiwango chake. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo ndiye anayekatwa, wakati hilo ni deni la mwenye nyumba. Kama hakuna utaratibu wa kumrudishia, ugomvi huo unaurithi wewe.

Halafu ongea na mlinzi, ukiwa peke yako. Muulize wasimamizi wangapi wamepita hapo kwa miaka miwili. Wakiwa watatu, shida haikuwa wasimamizi.

Kifungu_kwa_Kifungu:
Mwenzangu hapo juu kamaliza upande wa jengo. Mimi naangalia mkataba wa Njiro.

Sh 700,000 haiji yote. NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 70,000, inabaki 630,000. PAYE (kodi ya mshahara) kwa viwango vya sasa: 270,000 ya kwanza haina kodi, 250,000 inayofuata asilimia 8 (20,000), na 110,000 inayobaki asilimia 20 (22,000). Jumla 42,000, mkononi 588,000. Mwajiri naye anachangia NSSF asilimia 10 yake. Akikwambia "tukupe 700,000 taslimu, mambo ya NSSF tuache", anaokoa yeye, si wewe. Chumba na sebule pia ni faida inayoingia kwenye hesabu ya kodi ya mshahara, kwa hiyo uliza ameihesabu vipi.

Saa za kazi: sheria ya ajira ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Lakini hapa kuna mtego. Sehemu hiyo haimhusu anayesimamia wafanyakazi wengine na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Wakikuita meneja, wakakupa walinzi na wafagizi wa kusimamia, na unaripoti kwa mmiliki mwenyewe, madai yako ya saa za ziada yanaweza kufia hapo. Na unaishi ndani! Utagongewa mlango saa 5 usiku kwa sababu ya soketi. Basi jadili siku ya mapumziko isiyoguswa na nani anashika simu siku hiyo, au mshahara uakisi hali hiyo.

Makazi: kazi ikiisha na nyumba imeisha. Notisi ya mlipwaji wa mwezi ni siku 28, ila mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7 tu. Omba muda wa kuhama uandikwe peke yake, angalau siku 30 baada ya kazi kukoma kwa sababu yoyote. Kumbuka pia kwamba mwenye chini ya miezi 6 kazini hana kinga ya kuachishwa isivyo haki, hivyo usiuze vyombo vyako mapema.

Rau_Madukani:
Watu wanaidharau hiyo ya pili kwa sababu ya 550,000. Kwa kujifunza kazi ndiyo bora, ila si kwa "tutaangalia".

Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Ukienda mara moja kwa wiki, ukazunguka Shanty Town na Soweto kwa bodaboda, halafu Usa River wakati wa kurudi, nauli na bando vinakula mshahara. Wakupe kiasi maalumu cha usafiri kila mwezi, au wakupangie kanda moja. Uliza pia idadi ya nyumba kwa msimamizi mmoja. Nyumba 24 za Njiro unazizunguka asubuhi moja, wakati nyumba 24 zilizotawanyika hivyo zinamaliza wiki.

Faida yake ni kwamba mmiliki aliye nje anadai karatasi: taarifa ya mwezi (kodi iliyoingia, matengenezo kwa risiti, ada ya ofisi, salio), picha za ukaguzi, usomaji wa mita za mamlaka za maji (AUWSA kwa Arusha, MUWSA kwa Moshi) mpangaji anapoingia na anapotoka, orodha ya vitu iliyosainiwa. Ukishika hayo kwa mwaka mmoja na nusu, una cha kuonyesha ukiomba kwenye taasisi zenye nyumba nyingi kama Shirika la Nyumba, Wakala wa Majengo, au AICC (kituo cha mikutano cha kimataifa) ambayo ina nyumba za makazi hapo hapo Arusha. Za serikali fuatilia kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, usimpe mtu hela ya "kukuunganisha".

Sakina_Juu:
Asanteni sana. Na ya mzee wa Kijenge? Kodi ni 350,000 kwa mwezi kwa kila nyumba, wanalipa miezi sita sita.

FunguoZaMageti:
Zikijaa zote 12 ni 4,200,000, yako 420,000. Mbili zikikaa wazi, 350,000, na humo utoe nauli na simu. Kama ajira pekee haitoshi. Kama kazi ya pembeni ukiwa na ofisi ile ya pili inafaa, ofisi ikikuruhusu kwa maandishi, maana nyingine zinakataza.

Wakilipa miezi sita, asilimia yako inakuja kwa mafungu mawili kwa mwaka na katikati ni ukame. Kubalianeni na mzee akulipe kila mwezi kwa sehemu ya mwezi huo. Yeye naye analindwa: mkiachana Machi hakudai ulichokwishakula hadi Juni. Andikeni kama asilimia ni ya kodi iliyolipwa au inayostahili kulipwa, na ile kodi ya mwezi mmoja ya udalali mpangaji mpya akiingia ni ya nani, wewe au dalali aliyemleta. Wekeni mashahidi wawili, mmoja awe mtoto wa mzee, kwa sababu siku mzee akiugua utaongea na watoto.