Nimeachiwa duka la baba Uyole, nataka kurudisha bei na huduma za zamani. Naombeni ushauri

Binti wa Duka:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niko Uyole hapa Mbeya. Baba yetu alifariki mwaka jana, akaacha duka la vyakula. Nimelikuta limechoka. Kijana anayeuza hainui macho kwenye simu, mteja akiuliza bei anaambiwa "si imeandikwa hapo", na ukitaka sukari robo unaonekana msumbufu.

Mimi nimekulia kwenye duka hilo. Baba alikuwa na benchi la wateja nje. Majani ya chai alifunga kwenye gazeti, akakunja vizuri hata ukikimbia hayamwagiki. Maharage alipima kwa sado mpaka yanafanya kichuguu, halafu anaongeza kiganja kimoja cha kwako. Ukipungukiwa mia anakwambia "utaleta kesho, mwanangu". Leo hata mfuko unanunua!

Nataka hayo yarudi, pamoja na bei. Nianze na sukari, mchele, mafuta ya kupima na sabuni ya mche. Swali langu ni moja: nishushe kiasi gani ili watu warudi na duka lisife? Usingizi sipati vizuri.

Mzee wa Iyunga:
Marahaba binti, pole kwa msiba. Ila nikuulize, zamani ipi? Mimi nilikuwa TAZARA miaka ya themanini mwanzoni, baada ya Vita vya Kagera. Bei ilikuwa ndogo kweli, bidhaa ndiyo hakuna. Tulipanga foleni RTC, duka la serikali la mkoa, tangu alfajiri na mawe yetu yanatushikia nafasi. Ukifika dirishani sabuni imekwisha, na muuzaji hakuombi hata radhi. Kipande cha sabuni kilivuka mpaka wa Kasumulu kutoka Malawi kimefichwa kwenye kitenge. Mwaka 1983 Sokoine alipowaanza wahujumu uchumi, watu walitupa mali mitoni kwa hofu. Huyo baba yako mwenye benchi ni wa baada ya Mzee Mwinyi kufungulia biashara, maduka yalipokuwa mengi na kila mwenye duka anamtafuta mteja. Usichanganye mambo hayo mawili.

Mama Kachumbari:
Mzee umenikumbusha mbali. Mimi bei nimeshazizoea, kinachoniuma ni heshima. Soko Matola kulikuwa na mama wa viazi, akikuona una mtoto mgongoni anakuchagulia mwenyewe, vilivyooza anaweka pembeni. Siku hizi ukigusa kiazi unafokewa. Heshima hainunuliwi, binti, hiyo irudishe hata kesho asubuhi.

Kijana wa Mafiati:
Mimi nataka kujua kuhusu hicho kiganja cha nyongeza. Kikianza nitag, nakuja na mama yangu, ana viganja vipana 😂

Dalali wa Kabwe:
Tuongee biashara. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 umeuchukua kwa 140,000. Kilo moja imekusimamia 2,800 kabla ya guta. Ukiuza 3,000 unapata 10,000 kwa mfuko mzima, na humo utoe usafiri, kodi, umeme na zile gramu zinazopotea ukipima robo robo. Ukiuza 2,700 umetupa 5,000 kila mfuko. Wateja wakija mara mbili, unatupa mara mbili. Sukari ya Kilombero inapanda mlima Kitonga kwa dizeli, mwenye duka wa Uyole hana mkono kwenye bei hiyo. Mwanzoni mwa 2024, mvua zilipozuia viwanda kuzalisha, serikali ilitoa bei elekezi, 2,700 hadi 3,200 kutegemea eneo. Nani hapa aliipata kwa bei hiyo? Hujasema mtaji unatoka wapi.

Binti wa Duka:
Ahsanteni wote. Mtaji upo, hilo lisiwasumbue. Nisaidieni kwenye bei tu.

Mwalimu Mstaafu:
Binti, kumbuka na mishahara ya zamani ilikuwa midogo. Kima cha chini serikalini kimetoka 370,000 kikafika 500,000 Julai 2025, na bado mwalimu anakopa dukani kufikia tarehe ishirini. Daftari la baba yako ndilo lililotulea. Mke wangu alipojifungua, duka la jirani lilitupa unga, mafuta na sabuni mwezi mzima bila kuulizwa. Mpaka leo nikipita pale navua kofia.

Dada Sheria:
Narudi kwa Dalali. "Mtaji upo" siyo jibu. Marehemu aliacha watoto wangapi? Mirathi imefunguliwa? Msimamizi ni nani?

Dalali wa Kabwe:
Hapo hapo dada. Mkazie.

Binti wa Duka:
Sawa, naona mmenibana. Tuko wanne. Msimamizi wa mirathi ni mimi, Mahakama ya Mwanzo iliniteua. Hela ni ya baba, ilikuwa benki, bado hatujagawana. Nimetoa sehemu kununua mzigo. Yule kijana nimeshamwachisha, na bango limeshachorwa: BEI ZA MZEE.

Msinihukumu haraka. Kaka yangu anataka fungu lake anunue bodaboda, baada ya mwaka chuma chakavu. Duka linabeba jina la baba. Hata 2009, bei za vyakula zilipokuwa juu, alikuwa bado sokoni Mwanjelwa na hakumfukuza mtu mwenye shida. Nikigawa hela, duka linafungwa na jina linakwisha. Hata mngekuwa ninyi mngefanya hivyo.

Dada Sheria:
Nisingefanya. Msimamizi hakukabidhiwa mali iwe yake, anaikusanya, analipa madeni, anagawa kwa warithi, na mahakamani anapeleka orodha ya mali na hesabu. Ukiuza sukari kwa hasara, inayopungua ni hela ya wadogo zako na ya huyo kaka. Wanaweza kuomba uondolewe na udaiwe ulichopoteza. Mapenzi yako kwa baba nayaona, lakini hakimu atauliza risiti.

Fundi Saa:
Wakuu, hii ni chai. Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006. Mzee wake 2009 alikuwa anauza wapi, kwenye majivu? Mara benchi, mara gazeti, mara mirathi. Subirini, kesho atakuja mtu na namba ya mikopo nafuu.

Kijana wa Mafiati:
Duh. Na mimi nilishamwambia mama aandae viganja.

Mama Kachumbari:
Fundi Saa, punguza. Baada ya moto ule wafanyabiashara walipelekwa soko la Sido, na sisi wote tuliendelea kusema "naenda Mwanjelwa". Mimi mwenyewe nilikuwa na meza ya dagaa. Sido nako kukaungua 2011, tukajenga, kukaungua tena 2017. Usiku ule wa 2017 niliokoa mizani tu. Unajua kusimama unatazama mtaji wako unawaka, na marejesho ya benki ni Ijumaa? Usiite majivu ya watu chai.

Fundi Saa:
Pole mama, sikujua ulikuwepo. Lakini yeye ajibu mwenyewe.

Binti wa Duka:
Mama Kachumbari ndaga fijo, umenisemea. Ni Sido. Baba aliunguliwa 2011, ndipo akahamia Uyole. Mizani yake ya mawe ninayo, Wakala wa Vipimo waliigonga muhuri, na ndiyo ninayotumia. Sitafuti mtu wa kumkopesha.

Dalali wa Kabwe:
Basi mimi nakuamini, na ushauri wangu ni huu. Sukari uza bei ya mtaa. Benchi rudisha, salamu rudisha, uzito kamili, mzigo wa mama mjamzito upelekwe nyumbani. Kiganja cha nyongeza weka kwenye maharage na mchele, maana hivyo unaweza kwenda kuvichukua mwenyewe kwa wakulima wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Daftari liwe la watu unaowajua, na kila mmoja na kikomo chake.

Mzee wa Iyunga:
Na yule kijana mrudishe, umfundishe. Baba yako naye alifundishwa na mtu.

Dada Sheria:
Kabla ya yote hayo, ndugu zako wanajua kuhusu hela iliyotoka?

Binti wa Duka:
Wadogo wawili wanajua. Kaka bado. Ameniita kwenye kikao Jumapili, shangazi anatoka Tukuyu. Hesabu nitaziandika zote niwawekee mezani, na sukari nitaiuza bei ya mtaa kama alivyosema Dalali. Bango silifuti.

Dada Sheria:
Risiti za mzigo unazo?

Binti wa Duka:
Za mchele ninazo. Za sukari naenda kuzifuata kesho.